Binti yangu anaongea kuhusu mama Wu wa fizikia Ijumaa, nisaidieni nielewe hii baridi yake

fundi_baridi (Kisumu)

Habari za jioni wadau. Mimi ni fundi wa friji na friza huku Kondele, miaka kumi na nane nikishika spana, fizikia niliiachia fom tuu karo ilipokwama kwa hivyo mnivumilie nikiuliza kitu cha kitoto. Binti yangu yuko fom thrii, klabu yao ya sayansi imempa dakika kumi Ijumaa aongee juu ya mwanasayansi mmoja mwanamke, wenzake wote wamekimbilia Marie Curie, yeye akakataa, anataka mama mmoja Mchina anaitwa Chien-Shiung Wu. Sasa jana usiku tukiwa mezani ananiambia baba, huyu mama aligandisha vitu mpaka karibu na mwisho wa baridi yenyewe, ile minus 273 ambayo hakuna kitu kinapita, ndio aone kama dunia inatofautisha kulia na kushoto. Nikamwambia wewe, mimi nikipeleka friza ya samaki minus 20 na ikae hapo, mwenye samaki ananinunulia soda. Hiyo yenu ya 1956 walitumia kompresa gani?

Akacheka tu. Kwa hivyo naomba mnieleze, baridi hiyo waliipata aje, na kulia na kushoto vinaingilia wapi, na tena hili ndilo linamuuma mtoto zaidi, mbona Nobel ilienda kwa wanaume wawili na kazi ya mikono alifanya yeye? Ameshaanza kukasirika na hajaandika hata ukurasa wa kwanza.

mwalimu_chaki (Nakuru)

Fundi salamu kutoka Nakuru. Wewe ndiye mtu rahisi kuelezewa kuliko wote hapa kwa sababu hiyo kitu unaifanya kila siku. Kompresa inakaza gesi, gesi ikikazwa inapata moto, ule moto unautupa kwa nyaya za nyuma ya friji, halafu ukiiachilia ipanuke inapoa kuliko ilivyoanza. Si ndio? Kaza, tupa joto, achilia.

Sasa wao badala ya gesi walitumia fuwele za chumvi fulani yenye seriamu na magnesiamu, na badala ya kompresa walitumia sumaku kubwa. Kwanza wanapoza kila kitu na heliamu ya maji maji, hiyo peke yake iko kama minus 269, wanaivuta na pampu inashuka mpaka digrii moja hivi juu ya ule mwisho. Hapo wanawasha sumaku. Atomi za chumvi zinajipanga kama wanafunzi paredi, kujipanga huko kunatoa joto na heliamu inalibeba. Halafu wanaitenga ile chumvi isiguswe na joto lolote la nje na wanapunguza sumaku pole pole. Atomi zinaanza kuvurugika tena, na kuvurugika kunataka joto, na joto halipo pahali pengine ila ndani ya fuwele yenyewe, inalinyonya. Wakafika kama sehemu moja ya mia ya digrii moja juu ya mwisho. Kwa hivyo jibu la swali lako la kompresa: sumaku.

Na kwa nini baridi yote hiyo? Kwa sababu juu ya fuwele moja waliweka tabaka jembamba sana lenye kobalti-60. Hii kobalti ni ya kuoza, kila kiini, yaani moyo wa atomi, kikioza kinatema elektroni, chembe ndogo sana ya umeme. Na kila kiini ni kama pia, ile ya watoto ya kuchezea, inazunguka. Kwa joto la kawaida hizo pia zinaangalia kila upande kama soko la Jumapili, huwezi kujua elektroni imetoka kichwani mwa pia au miguuni. Kwa baridi ile unaweza kuzipanga zote zizunguke upande mmoja ndio uhesabu.

Kulia na kushoto nitarudi, niko na karatasi za wanafunzi za kusahihisha na stima inatishia kupotea.

fundi_baridi (Kisumu)

Sumaku ndiyo kompresa!! Mwalimu nimeamka kwa kiti. Nimemsomea mtoto kwa sauti hata mama yake akatoka jikoni. Ngoja nikuulize, na ikishapoa hivyo inakaa kwa muda gani kabla joto lirudi? Kwangu mpira wa mlango ukiwa na ufa kidogo tu kazi yote imeharibika.

mwalimu_chaki (Nakuru)

Dakika chache tu fundi. Na hapo ndipo uzuri wake uko, kwa sababu ilipokuwa baridi, kaunta iliyokuwa juu ya kobalti ilihesabu tofauti kubwa kulingana na upande sumaku inaangalia, joto likiingia ile tofauti inafifia mpaka inaisha kabisa, viini vimeshavurugika. Hivyo walijua si kasoro ya mashine. Mpira wa mlango wao mbovu ndio uliowathibitishia.

Haya, kioo. Mwambie binti achukue kifuniko cha soda, atoboe katikati, atie kijiti cha kiberiti, apate pia. Aizungushe kinyume cha saa, akiiangalia kutoka juu. Kando yake asimamishe kioo. Ndani ya kioo pia inazunguka kama saa, imegeuka, lakini juu bado ni juu na chini bado ni chini. Sasa Wu na wenzake waliona kwamba viini vya kobalti vikizunguka kinyume cha saa, elektroni nyingi zinatoka kwa chini. Ndani ya kioo utaona kiini kinazunguka kama saa na elektroni bado zinatoka chini. Lakini ukienda kwa kobalti ya kweli uizungushe kama saa, zinatoka juu! Ile picha ya kioo haipo duniani. Kabla ya hapo wanafizikia karibu wote waliamini kioo hakiwezi kukudanganya, kwamba chochote unachoona ndani yake kinaweza kutokea nje pia. Hiyo ndiyo waliita pariti, na ilikuwa imekaa kwa vitabu kama miaka thelathini, hakuna mtu alikuwa ameijaribu kwa hizi nguvu dhaifu za kuoza.

Njia ya mkato kwa hotuba: akunje vidole vya mkono wa kushoto vifuate mzunguko wa pia, dole gumba linaonyesha upande elektroni nyingi zinaenda. Wa kushoto, si wa kulia. Na hapa nacheka peke yangu kwa sababu Kiswahili cha zamani mkono wa kulia kinauita mkono wa kuume, na wa kushoto ni mkono wa kike. Kwa hivyo mama alienda kuuliza dunia inatumia mkono gani, ikamwambia wa kike.

nyar_alego (Siaya)

Mwalimu hiyo ya mkono wa kike nimeichukua, siirudishi. Mimi natumia kushoto na darasa la pili nilipigwa rula vidoleni mpaka nikaandika na kulia, na mpaka leo mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwa unga. Angekuwa hai huyo mama ningempelekea samaki.

Lakini nimeingia kwa sababu ya kitu kingine. Najua Wu kwa njia ya mtoto wangu. Mtoto wa pili ana sikoseli, ile wengine wanaita selimundu, na watu wa huku ziwani hakuna boma halijui huo ugonjwa. Usiku mmoja wodini nikiwa nimekaa na simu nasoma soma tu juu ya damu ndio nikakuta kwamba huyu mama wa nyuklia uzeeni mwake aliigeukia hemoglobini, akachunguza vile inabadilika kwa watu wa sikoseli. Nililia kidogo sitadanganya. Mtu ameshavunja sheria ya dunia nzima halafu anakaa chini anaangalia damu ya watoto wetu. Fundi mwambie binti hiyo asiiache, huku kila darasa lina mtoto mmoja au wawili ambao wataskia kama wametajwa kwa jina.

drili_ya_meno (Bungoma)

Mimi nafanya kwa kliniki ya meno, si daktari, mimi ni wa kushika taa na kusafisha vyombo. Najua hii hadithi kwa sababu ya drili. Hizo fuwele mwalimu ametaja hazikuwa za kununua, zilioteshwa maabara kwao chuo cha Columbia huko New York, kama vile watoto wanaotesha fuwele za chumvi kwa glasi, ila hizi walitaka za upana wa sentimita moja na zisiwe na kasoro, na ilichukua kama wiki tatu kupata kama kumi nzuri. Halafu wanatoboa, zinapasuka. Wanatoboa, zinapasuka. Mwishowe wakaambiwa watumie drili ya daktari wa meno kwa sababu ile inasukuma kwa ndani tu. Ikakubali!

Halafu gundi. Walijenga kama kibanda kidogo cha fuwele kuzunguka kobalti, wakakigandisha na gundi, baridi ikifika gundi inaacha kushika na kibanda kinaanguka. Wakajaribu sabuni. Mwishowe wakafunga na uzi wa nailoni. Hii mashine iliyobadilisha fizikia ilishikwa na uzi jamani.

fundi_baridi (Kisumu)

Drili ya meno na uzi wa nailoni, huyu mama angepata kazi kwa gereji yangu kesho asubuhi. Mimi nimewahi kufunga feni ya kondensa na waya ya sketi ya bibi yangu na ikafanya miaka miwili. Endeleeni tafadhali, mtoto anaandika.

mwalimu_chaki (Nakuru)

Sabuni haikuwa mara ya kwanza. Miaka ya 40 watu walikuwa wanabishana kama nadharia ya mwanafizikia Fermi ya kuoza kwa beta, yaani kule kiini kutema elektroni, ni ya kweli, vipimo vilikuwa havikubaliani nayo. Wu akagundua shida ni ile filamu ya shaba salfeti waliyokuwa wanaweka kwa kipimo, haikuwa sawa, pahali pengine nene pengine nyembamba, elektroni zinapoteza nguvu zikipita kwa unene. Akaongeza sabuni ya kuoshea kwa ile shaba, ikasambaa laini, vipimo vikakubaliana na Fermi. Hiyo ni 1949. Ndio maana 1956 mwanafizikia Tsung-Dao Lee alipotaka mtu wa kujaribu wazo lake na la mwenzake Chen Ning Yang, kwamba huenda pariti haishiki kwa kuoza, alipanda mpaka ofisi ya Wu, ghorofa ya 13 ya jengo la Pupin, hakuenda kwa mtu mwingine. Kwa kuoza kwa beta hakukuwa na mkono kama wake.

dada_wa_nyamasaria (Kisumu)

Na bado Nobel ikaenda kwa huyo Lee na Yang, 1957, mwaka ule ule. Tuseme ukweli basi. Wangekuwa wanaume watatu wangepewa watatu. Huyu ni mama ambaye alikuja Marekani 1936 kwa meli akienda chuo cha Michigan, akaskia kule wasichana hawaruhusiwi kuingia jumba la wanafunzi kwa mlango wa mbele, wapitie kando, akasema kama ni hivyo nabaki chuo cha Berkeley, California. Columbia alifundisha miaka na miaka, mshahara wake ulisawazishwa na wa wanaume 1975! Alikuwa na umri wa miaka 63. Mimi ni keshia, najua vile inaumia kuona payslipu ya mtu mnafanya kazi moja. Fundi mwambie mtoto akasirike, ana haki.

mwalimu_chaki (Nakuru)

Dada sikupingi kwa mshahara wala mlango. Kwa Nobel iko na mikunjo, na ni afadhali mtoto aijue kabla mtu amuulize akiwa amesimama mbele. Karatasi ya Wu ilichapishwa Februari 1957, na kamati inafanya kazi na mapendekezo ya mwanzo wa mwaka, kwa hivyo kwa zawadi ya mwaka ule alikuwa amechelewa, ya Lee na Yang ya wazo ilikuwa imetoka Oktoba 1956. Pili hakufanya peke yake. Columbia hawakuwa na mashine ya baridi hiyo, alienda Washington kwa ofisi ya serikali ya vipimo, National Bureau of Standards, akafanya na Ernest Ambler, Hayward, Hoppes na Hudson. Nobel ina mwisho wa watu watatu. Na tatu kundi la Garwin, Lederman na Weinrich walithibitisha kwa njia nyingine, na chembe nyingine ziitwazo miuoni, ndani ya siku chache tu baada ya kuskia matokeo ya Wu, hata wakasubiri kundi la Wu liwe tayari kabla ya kuchapisha yao, jambo la heshima.

Lakini baada ya hapo? Alipendekezwa mara kadhaa miaka iliyofuata na hawakumpa. Hapo sina utetezi. Zawadi ya Wolf ya kwanza kabisa ya fizikia, 1978, walimpa yeye peke yake.

mzee_wa_ingo (Kakamega)

Mnaimba sana lakini kuna mstari mmoja mmeuruka. Huyu mama alikuwa kwa mradi wa Manhattan, ule wa bomu. Kuna watu waliungua Japani. Mimi si wa kuharibu sherehe, nasema tu mtoto akienda kusema "shujaa" asiache hilo.

mwalimu_chaki (Nakuru)

Mzee asante, umesema kweli, alijiunga 1944 hapo Columbia. Na kuna kisa chenyewe: Septemba mwaka huo rieakta ya Hanford, mtambo wa nyuklia wa kutengeneza plutoniamu ya bomu, iliwashwa, ikafanya saa chache, ikazima yenyewe. Ikawashwa, ikazima. Shida ilikuwa zenoni-135, gesi inayozaliwa humo ndani na inameza nyutroni, zile chembe zinazoiendesha rieakta. Na mtu aliyekuwa na vipimo vya hiyo gesi ni Wu, kutoka kazi yake ya Berkeley, ilikuwa bado hata haijachapishwa, wakamwomba. Plutoniamu ya Nagasaki ilitoka Hanford. Mtoto aseme vyote viwili. Jina lenyewe Chien-Shiung lina maana ya shujaa, ni baba yake alimpa, kwa hivyo hawezi kuliepuka.

nyar_alego (Siaya)

Huyo baba ndiye mimi nataka kumjua. Mtoto amezaliwa 1912 kijiji cha Liuhe karibu na Shanghai, wasichana wakati huo wengi hawasomi, na baba anafungua shule ya wasichana yeye mwenyewe, Mingde, halafu binti yake anasomea hapo. Kisha 1936 wanamsindikiza bandarini, mjomba amelipia safari, na wazazi wake hakuwaona tena. Vita, halafu siasa. Aliporudi China 1973 wote walikuwa wamekufa na makaburi yameharibiwa. Yeye mwenyewe alikufa New York Februari 1997 na majivu yake yakarudishwa, yako uani pa shule ya Mingde. Fundi wewe unakaa usiku na spana mkononi unauliza watu mambo ya kobalti kwa ajili ya msichana, mimi nakuona vile uko.

fundi_baridi (Kisumu)

Omera msinifanye nitokwe na machozi mbele ya mteja, niko ndani ya duka la mtu nabadilisha thamostati.

Kuna kitu kimoja tu nauliza. Siku walipojua kwamba ni kweli, walifanyaje? Mimi friji ikishika baridi mara ya kwanza naweka mkono ndani na sisemi kitu.

drili_ya_meno (Bungoma)

Mwaka huo wa 1956 Wu na mumewe, Luke Yuan, naye mwanafizikia, walikuwa wameshakata tiketi za meli waende Ulaya mpaka Asia, miaka ishirini hajaona kwao. Akamwambia mume aende peke yake. Mkesha wa Krismasi theluji imefunga uwanja wa ndege Washington, akapanda treni ya mwisho kurudi New York kumwambia Lee kwamba ile tofauti ipo na ni kubwa. Halafu wakarudia vipimo vyote kuhakikisha. Saa nane za usiku Januari 9, wamemaliza, Hudson akafungua droo akatoa chupa ya divai ya Kifaransa na vikombe vya karatasi. Wakanywa kwa vikombe vya karatasi.

Na Pauli, mmoja wa wakubwa wa fizikia, aliandika Januari hiyo hiyo kwamba yuko tayari kuweka pesa kwamba Mungu si wa mkono wa kushoto. Bahati yake hakupata mtu wa kumchukulia dau. Feynman, mkubwa mwingine, alikuwa ameweka lake na akalipa dola 50.

dada_wa_nyamasaria (Kisumu)

Na aseme pia ile ya chuo cha MIT huko Marekani 1964, Wu alisimama kwa mkutano akauliza kama atomi ndogo na alama za hesabu zinachagua kushikwa na mwanamume au mwanamke. Ukumbi ulipiga makofi.

fundi_baridi (Kisumu)

Wadau, ni Ijumaa usiku. Mtoto ameongea. Alipewa dakika kumi akatumia kumi na nane na hakuna aliyemnyamazisha. Pia ya kifuniko cha soda ilikataa mara mbili kusimama, ya tatu ikazunguka, na kioo kilikuwa kile cha kabati la mama yake ambacho alikibeba kwa bodaboda kikiwa kimefungwa kwa leso. Alipofika kwa mkono wa kushoto darasa zima likakunja vidole, mwalimu wao pia, kuna kijana akaongeza kwamba wake unaonyesha juu, wakagundua alikuwa amekunja wa kulia.

Alisema ya bomu. Alisema ya sikoseli, na nyar Alego, kuna msichana alikuja baada ya hapo akamwomba ile karatasi apeleke nyumbani, ameandikiwa nyingine.

Swali la mwisho lilitoka kwa naibu wa mwalimu mkuu, kwamba baba yako anafanya kazi gani. Akamwambia anatengeneza baridi.

Kioo kimerudi na ufa kwa kona. Kama kuna mtu anajua fundi mzuri wa vioo upande wa Kibuye aniandikie kabla mama yake arudi kutoka sokoni.